Kimya cha Bi Nimwaka

Jumatatu, 6 Mei 1957
Kuchemsha sindano, kukunja bandeji, kupanga mikasi. Mvua tangu alfajiri. Asubuhi aliletwa mgema aliyeanguka mnazini, bega limetoka mahali pake. Mimi nikamshika, daktari akavuta. Likarudi kwa mlio. Mgema akacheka huku machozi yanamtoka. Naipenda kazi hii. Mama asema mtu anayefurahia chumba cha majeruhi ana kasoro. Huenda.

Adhuhuri, kitanda cha kamba kutoka kijiji cha Galu. Juu yake Mejumaa, mke mdogo, ndoa haijatimiza mwaka. Mwili moto, midomo mikavu, mboni za macho zimetanuka. Anachumachuma vitu hewani. Aliyemleta ni mke mwenzake, Bi Nimwaka, mtu mzima. Mume yuko Mombasa, kazi ya bandarini. Wabebaji wasema ni pepo.

Jumanne, 7 Mei
Si pepo wala malaria. Daktari asema ni sumu ya majani, huenda mranaha. Tulikwisha kumwosha tumbo. Leo ametulia, lakini asema hakumbuki kitu.

Nilimwuliza Bi Nimwaka nani alipika. Akasema yeye. Nikamwuliza kama mwenzake ana maradhi yoyote nyumbani. Akainamisha macho. Kimya. Nikarudia. Kimya. Asiye na la kuficha huinamisha macho kwa nini? Simwamini. Nimemkataza kumletea uji.

Alhamisi, 9 Mei
Shaka yangu nilimwambia Saumu peke yake, muuguzi mwenzangu. Sasa wodi nzima inajua. Bi Nimwaka akipita, wanawake wanavuta watoto wao. Mejumaa analia, asema mwacheni dada yangu. Hasemi zaidi. Namwona kama anayeogopa.

Ijumaa, 10 Mei
Mume amekuja kumchukua mkewe. Nilimwambia mwenyewe: chunguza chakula cha nyumbani kwako. Akanielewa. Kabla ya jua kuzama Bi Nimwaka alikwisha kurudishwa kwao Waa. Sikuona vibaya.

Ijumaa, 17 Mei
Mejumaa ameletwa tena. Hali mbaya kuliko mwanzo. Degedege, ngozi kama chungu kilichotoka jikoni, mpigo wa moyo hauhesabiki. Alikuwa peke yake nyumbani. Jirani alisikia kelele.

Mpira wa kuoshea tumbo, maji, vitambaa baridi, sindano ya daktari. Tulihangaika naye bila kupumzika. Wakati ule sikumshuku mtu yeyote. Hicho ndicho ninachokipenda katika chumba kile, leo nimekijua: kichwani hapabaki nafasi ila ya pumzi ya mtu aliye mbele yako. Kisha nilipokuwa nanawa, shaka ikarudi, na haikuwa na wa kumwangukia. Bi Nimwaka yuko Waa tangu juma lililopita.

Naogopa nimefanya jambo baya.

Jumamosi, 18 Mei
Mejumaa anaweweseka, anatupiga, anamwita Nimwaka. Nilituma ujumbe Waa kwa dereva wa basi. Sikutegemea angekuja. Alikuja, kalowa chapachapa. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaketi sakafuni, akamshika mwenzake miguu. Mejumaa akanyamaza kama mtoto.

Alasiri akili zikamrudia, akaniita karibu. Ana pumu tangu utotoni. Mume hajui. Aliambiwa anaoa mzima, na akijua atamwacha. Mganga alimpa majani ya mranaha ayavute moshi. Moshi unanuka, jirani wangeuliza. Akayachemsha, akanywa. Kifua kikafunguka, basi akanywa tena, na tena.

Bi Nimwaka alijua habari ya pumu na ya moshi. Ya kunywa hakuijua. Rangi ilimtoka aliposikia.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.
"Nilimwapia."
"Hata ulipofukuzwa?"
"Kiapo hakina hata, mwanangu. Nawe hukuniuliza ili ujue. Uliuliza ili unikamate."

Nilikwenda kubadilisha maji.

Jumapili, 19 Mei
Mume amefika. Nimemwambia nilikosea, Bi Nimwaka hana hatia, mgonjwa mwenyewe alikosea dawa. Akauliza, dawa ya nini? Nikasema: mwenyewe atakueleza akipata nguvu. Akaniuliza ninaficha nini. Sasa mimi ndiye ninayeshukiwa. Inachoma. Nimewaambia pia wanawake wa wodini, mmoja mmoja. Wawili walinisikiliza. Wengine wanapenda zaidi habari ya kwanza.

Daktari amempa Mejumaa vidonge vya kifua.

Jumapili, 26 Mei
Siku yangu ya kupumzika. Nimekwenda Galu. Bi Nimwaka amerudi nyumbani kwake. Nimemwomba radhi mbele ya jirani, kwa sauti. Akasema, "Haya. Kaa, umenye muhogo."

Mejumaa amemweleza mumewe. Hakufoka. Alipanda basi la Mombasa, na tangu hapo ametuma salamu kwa wake zake wote wawili. Salamu tu. Hawajui ana nia gani. Mimi pia sijui, na nikijaribu kukisia nakisia mabaya. Basi nimeacha.

Mvua imekatika. Mejumaa amelala jamvini kivulini. Sisi wawili tumemenya bila kusemezana, visu vikienda polepole, kila mmoja akisikiliza kifua cha Mejumaa.