Vitambaa Vyekundu Ukingoni mwa Mfereji

Mwaka umetimia, Fundi wetu, tangu cherehani yako inyamaze, na hakuna aliyethubutu kuifunika.

Ulishona sare za nusu ya mtaa huu. Macho yalipoanza kukataa uzi, ukahamia kwenye miti. Hukufundishwa na mtu. Uliipapasa kama vitambaa: gome hili gunia, hili kitani. Ulivunja kijiti, ukanusa, ukatafuna, ukatema, ukanikunjia uso kana kwamba uchungu nimeutia mimi.

Nilikwambia mwarobaini wa nyuma ya nyumba ni mti wetu wa asili, kwamba babu yangu aliupokonya ukiwa mche mdomoni mwa simba. Ukasema, "Babu Chumvi, huyo ni mgeni aliyezoea. Na simba hali mwarobaini." Ndivyo ulivyonisahihisha maisha yote, bila kuniaibisha mbele ya watu. Mbele ya mdogo wako tu.

Kila kiangazi, kabla vibarua hawajaja kusafisha ukingo wa mfereji, ulikuwa umeshafunga vipande vya kitambaa chekundu kwenye miti na vichaka vya asili, vile vinavyoshika udongo usituporomokee jikoni. Mnyapara wao alikuamini. Penye chekundu, panga wala msumeno havikugusa.

Safari hii walikuja wewe hupo. Jua lilikuwa limevua kila kitu majani, ukingo mzima vijiti vitupu. Mdogo wako, binti yetu kitinda mimba na mimi tukaingiwa na hofu, tukafunga kila kilichosimama.

Mnyapara alipita taratibu, akacheka, lakini si kicheko cha kukufurahisha. "Mzee, mmefunga mpaka nguzo ya uzio! Mama alikuwa anachagua. Vijana wangu wanakunywa chai. Wakimaliza nikute bado vyote vimefungwa, nakata vyote."

Kufunga kulikuwa rahisi. Kufungua kulitaka mikono yako.

Mwarobaini niliufungua mwenyewe, pamoja na simba wake. Mjohoro, mgeni mwingine, ukafuata. Mgunga ulijitambulisha kwa kumchoma mdogo wako kidole.

"Huu tuuache, shemeji," nikamwambia. "Una tabia za ukoo wenu."

"Funga mdomo, fungua vitambaa!"

Kwenye kichaka kimoja tukakwama. Chini yake niliokota jani la kukwaruza, nikasema huu msasa, twendeni. Binti yako akanishika mkono.

"Baba, mama hakukubali jani la kuokota. Upepo unaweza kulileta kutoka popote. Alitaka lililoshikwa na tawi."

Huko nyuma vikombe vilikuwa vinakusanywa. Akaingiza mikono kati ya vijiti, akatafuta, mama yake mdogo akimwinamishia matawi, mpaka akapata jani moja kavu, limeng'ang'ania. Nikalipitisha kwenye ukucha. Ukucha ukalika. Msasa. Kitambaa kikabaki.

Mmoja ukatushinda. Mwembamba, gome laini, hauna mwiba, hauna jani, hauna harufu. Mdogo wako akasema tuuache. Binti akauliza, "Na kama si wa mama?" Tukaupapasa wote watatu. Mikono yetu haikutuambia kitu.

"Mzee," mnyapara akasema, "huu nao?" Msumeno wa mashine ulikuwa umeshawashwa.

Ningeweza kumpa hadithi. Nimewahi kuuza mbaya kuliko hiyo na wateja wakarudi. Lakini kitambaa chako kiliaminika kwa sababu hukukifunga kwenye mti usioujua. Na ningedanganya kwa huo mmoja, mwakani asingeamini hata mgunga.

Nikafungua.

Msumeno ukapita mara moja tu.

Tuliomba watuachie kisiki. Mvua za kwanza zimeshanyesha, na ubavuni mwake yametokeza machipukizi, bado yamekunjwa kama ngumi za mtoto mchanga. Kila asubuhi tunainama pale kuyatazama. Majani yakikunjuka, tutajua tulimkata nani.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, Babu Chumvi. Mdogo wako, ambaye kidole kimepona ila ulimi bado. Kitinda mimba wako, anayepapasa magome sasa kila anapopita. Pamoja na wanao wengine, wakwe na wajukuu. Haitafika siku tukusahau katika nyumba hii.

Na kama ule ulikuwa wako, Fundi, tuwie radhi.