Mama wa Meza ya "Niende Kliniki Gani?"

Mwaka umetimia, Mama Yueh-chiao, tangu utuache tarehe kumi na nane Machi, katika hospitali ileile ya chuo kikuu uliyoitumikia miaka kumi na tisa kwa kujitolea. Wengine huandika kumbukumbu kwa machozi. Ya kwetu yamekauka, tumebaki na hasira, na hatutaificha nyuma ya maua.

Ulipostaafu kushona sare za shule ulivaa kizibao cha njano ukakaa kwenye meza ya mlango mkuu, pale watu wanapouliza waende kliniki gani. Huku kwetu mjini Tainan mgonjwa hapangiwi kliniki na mtu. Anajichagulia mwenyewe, anachukua namba, anasubiri. Na hospitali ile ina kliniki arobaini na mbili. Ulizijua kama mtu anavyowajua mawifi zake, yupi mkali, yupi mpole, yupi anachelewa kuamka.

Mzee mmoja alikuja akitaka kliniki ya ngozi kwa sababu miguu ilimwasha. Ukamuuliza, bila haya wala kupunguza sauti, "Mjomba, chooni kwako sisimizi wanakusanyika?" Akakubali kwa aibu. "Basi achana na ngozi. Nenda kwa daktari wa sukari, ghorofa ya tatu, na usipitie kwenye keki." Mwezi uliofuata alikuletea kuku mzima.

Manesi walikupenda kwa mapera yako yaliyokatwa na kunyunyiziwa unga wa plamu, ule mchachu wenye chumvi. Ulikuwa nayo kila siku, hata siku za kimbunga.

Halafu mgongo ukaanza kukuuma. Ukajipeleka kliniki ya mifupa, ukapata namba sitini na tatu. Daktari akakutazama dakika tatu, akasema ni umri. Hamu ya chakula ikakatika, ukaenda kwa daktari wa tumbo. Akakupitishia kamera kooni, akasema tumbo ni safi. Mwili ukaanza kukuwasha, daktari wa ngozi akakupa mafuta. Usingizi ukapotea, daktari wa nne akakupa vidonge vya kutuliza akili. Madaktari wanne, jengo moja, faili moja kwenye kompyuta. Kila mmoja alisema kweli kuhusu kipande chake, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua simu kumuuliza mwenzake.

Nawe pia, Mama, tumekukasirikia. Binti yako Pei-jung aliingia nawe kwa daktari wa tumbo akakunong'oneza umtajie na maumivu ya mgongo. Ukamfinya paja. Mlipotoka ukamkaripia, "Yule ni wa tumbo. Mgongo una daktari wake. Nje wako watu sitini wanasubiri, wewe unataka nimpigie porojo?" Pei-jung akanyamaza, kwa sababu nani angebishana nawe kuhusu kliniki? Ukimya ule unamtafuna mpaka leo.

Miezi saba ilipita hivyo. Aliyeona macho yako yamekuwa ya njano hakuwa daktari. Alikuwa mwenzako wa mezani, aliyekuwa dereva wa lori. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imekwisha kusambaa. Baada ya wiki kumi na moja hukuwepo.

Pei-jung aliwaandikia hospitali swali moja tu: ni kazi ya nani kumtazama mgonjwa mzima? Wakajibu kwamba kila kliniki ilifuata utaratibu. Kisha mwezi uliopita wakatuletea cheti chako cha shukrani ndani ya fremu ya kioo, wakaomba familia ipande jukwaani siku ya sherehe yao, tupigwe picha.

Nyumba ikagawanyika. Yao-sen, kitinda mimba wako, alitaka kukipasua. Baba alisema ungefurahi, kwamba uliipenda hospitali ile na hukuwa mtu wa kinyongo. Kwa siku tisa baba na mwana walikula bila kusemezana. Ndipo Pei-jung akasema uulizwe mwenyewe.

Basi siku ya sadaka ya mwaka wako, majivu ya ubani wako yalipokwisha kuunganishwa, kama ada yetu, na ya wazee waliotangulia, Baba alishika vibao viwili vya kuulizia waliokufa, akakuuliza kama tukipokee kile cheti, akavirusha sakafuni. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, marehemu amekubali; vyote vikilala kifudifudi, amekataa. Vyote vikaanguka kifudifudi. Akavifuta kwa shati, akasema labda ameuliza vibaya. "Mama Pei-jung, ni cheti tu. Si watu wabaya." Vikaanguka kifudifudi tena. Akarusha mara ya tatu, na ya tatu ikawa hapana.

Baba akakaa chini pale pale mbele ya matunda. "Miaka arobaini na sita hajanikatalia hata kikombe cha chai," akasema. "Kumbe amekasirika. Amekasirika, na mimi nilikuwa namsemea kwamba hana neno."

Asubuhi ya Jumatatu alivaa suti yake ya harusi ya Pei-jung, akapanda basi peke yake na fremu mapajani. Alikataa kupelekwa. Aliiweka juu ya meza ya katibu wa mkurugenzi akamwambia, "Mke wangu hakitaki. Anataka jibu." Katibu akamwelekeza kitengo cha malalamiko, ghorofa ya pili. Baba akamjibu kwamba mkewe alizungushwa kliniki nne, kwa hiyo yeye haendi ghorofa yoyote, atasubiri hapo hapo. Amekwenda kila Jumatatu tangu siku hiyo.

Unakumbukwa na mumeo Kuo Ting-fa, binti yako Pei-jung na mumewe, mwanao Yao-sen, mjukuu wako Hsin-tze, na wenzako wote wa meza ya mlangoni. Hutatoka mioyoni mwetu kamwe. Pumzika, Mama. Kukasirika tuachie sisi.