Idd Tuliyoicheza

Pangani, Kibaha

Mwanahamisi, kapteni wangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Mimi nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta. Hali yako huko uliko anaijua Mungu, na hali yangu ndiyo hii ninayotaka kukueleza: nina aibu, Mwana. Picha yako kocha ameitundika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, pale juu ya msumari uliokuwa unaning'iniza taulo lako, na mimi kila nikipita natazama viatu vyangu mpaka nimetoka nje.

Tangu figo zikushinde, mambo yamebadilika kidogo kidogo. Kitanda chako kambini analala binti mgeni kutoka Tabora, anakoroma kuliko wewe, jambo ambalo hakuna aliyedhani linawezekana. Zuhura anapiga kona siku hizi, anazipiga vibaya, na tukimcheka anasema alirithishwa bila kufundishwa. Na mimi kipa wako nimepewa kitambaa chako cha ukapteni. Kile kile alichokushonea mama yako kwa pindo la kanga yake, kwa sababu cha klabu kilikuwa kinakupwaya hadi kiwikoni. Kocha alinivalisha mbele ya wote, wakapiga makofi, nikalia. Nilidhani kazi yenyewe ni hiyo, kulia kidogo na kuchagua upande wa sarafu.

Unakumbuka siku tuliyokwenda kukuomba kwa mama yako, kule Chole ya Kisarawe? Nilikuwepo, nimebanwa nyuma ya gari la kocha pamoja na mipira. Mama yako alitukaribisha mkekani, akatupa mihogo na chai, akamwacha kocha aeleze mkataba, kambi, matibabu, shule, mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema maneno machache tu: "Mchukueni. Mpira acheze. Ila Idd ni yangu." Kocha akacheka, akadhani ni maneno ya kumuaga mtoto. Kumbe lilikuwa sharti, nawe ulilishika kuliko ulivyoshika mkataba.

Kila Idd mosi basi la timu likaijua njia ya Kisarawe. Tulikwenda wote, Waislamu kwa Wakristo, tunarushwa na mashimo hadi Chole, na masinia ya pilau yanatusubiri yamefunikwa makawa. Huko ndiko mimi, mtoto wa Mchaga mwenye duka Maili Moja, nilikojifunza kula sinia moja na watu bila kuvuka mipaka. Uliniita Mangi badala ya Ndeshi, mpaka wachezaji wapya wakadhani ndilo jina langu la ubatizo. "Mangi, rudi kwako, hapo ni kwa Zuhura," ukanipiga kofi la mkononi mbele ya mama yako, naye akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Na Krismasi ulikuja wewe kwetu hapa Pangani. Baba alimwita jirani Muislamu aje achinje mbuzi, ili usikae kwenye sherehe yetu unakula wali na kabichi. Hatukuwahi kuyajadili haya. Yalikuwa hivyo tu.

Aliyetaka kuyajadili ni katibu wetu. Unamjua. Kila ratiba ilipogusa sikukuu alikuja na hoja yake ile ile, kwamba mpira siku hizi ni kazi, kwamba nesi anakwenda kazini siku ya Idd, dereva anakwenda, askari anakwenda, sisi tuna nini cha ziada. Wewe ukamjibu, umekaa kwenye nyasi unafunga kamba za viatu, hata hukuinua kichwa: "Nesi asipokwenda, mtu anakufa. Sisi tusipokwenda atakufa nani, katibu? Labda muuza soda." Tulicheka wiki nzima. Lakini mechi ikasogezwa.

Wala hukuwa mtu wa kukataza mpira sikukuu. Nisikusingizie, maana marehemu ni rahisi kumgeuza malaika. Idd pili ulikuwa wa kwanza uwanjani pale kijijini kwenu, walioolewa dhidi ya wasioolewa, peku, mama mmoja mjamzito ndiye mwamuzi. Siku ile ulipiga mashuti kwa furaha kuliko yote uliyopiga kwenye ligi. Nilikuuliza tofauti iko wapi, ukaniambia huku watu wameshaswali, wameshakula, na anayetaka kukaa chini anakaa. Nililiona jibu la mkato. Sasa nalielewa.

Basi sikiliza nilichofanya.

Hii ilikuwa Idd ya kwanza tangu uondoke. Msibani, mimi kwa kinywa changu nilimwambia mama yako kwamba tutakuja kama kawaida, basi zima, asije akadhani tulikuwa tunamfuata mtoto wake tu. Alinishika mikono yote miwili. Akaenda akanunua mbuzi mapema, akamfuga nyuma ya nyumba.

Ratiba ilipotoka, mechi yetu ya nyumbani ilipangwa siku ambayo kalenda ya ukutani iliihesabu kuwa ya mwisho ya mfungo. Chini ya kalenda hiyo hiyo, kwa maandishi madogo, wameandika kwamba Idd itategemea kuandama kwa mwezi. Mtoto wa chekechea anayajua maneno hayo. Wewe ungeyaona, ungemfuata katibu mapema asogeze mechi mbali kidogo, mwezi uwe na nafasi yake. Mimi nilisoma mahali pengine. Nilisoma kwamba mechi itaonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni.

Jioni ya kuamkia mechi wasichana walikuwa wanafuturu kambini, uji na mihogo ya nazi, redio imewashwa dirishani. Ikatangazwa kuwa mwezi umeandama. Wakapiga vigelegele, wakakumbatiana, kisha mmoja mmoja wakageuka kunitazama. Kocha naye akanitazama. Akasema, "Kapteni, sema wewe. Mkikataa, naongea na wenzetu sasa hivi, hata wao wana Waislamu, tutaomba kusogeza." Unanijua golini nilivyo na mdomo. Nawapigia kelele mabeki mpaka majirani wa uwanja wanafunga madirisha. Siku iliyohitaji kelele zangu nilisema neno moja.

Nilisema, "Tucheze."

Hakuna aliyenisukuma, Mwana. Ningependa kukwambia alikuwepo wa kunisukuma. Baba alikuwa ameshawatangazia wateja wote dukani kwamba binti yake ataonekana, nami nilikuwa nimeshasuka nywele. Basi. Zuhura aliinuka, akachukua bakuli lake, akaenda kuliosha.

Asubuhi wakaenda kuswali, wakarudi na madera mapya na hina mikononi. Halafu wakavua, wakavaa jezi. Zuhura ndiye aliyempigia simu mama yako kumwambia hatuji, kazi ambayo ilikuwa yangu. Nilimsikia akiongea nje ya bweni kwa sauti ya chini, nami nikazidi kufunga glovu ambazo zilikuwa zimeshafungika. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa.

Uwanja ulijaa, sitaficha. Watu walikuja na watoto wao wamevaa nguo za sikukuu, wanakula barafu, na wengi walifurahi kweli. Katibu alipita mbele yangu akasema, "Unaona?" Niliona. Tulishinda moja bila, na dakika za mwisho nilidaka penalti. Nilijirusha kulia, mpira ukanijia kifuani kama mtoto anayemkimbilia mama yake, na nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Nilifurahi sana.

Baada ya filimbi mtangazaji wa televisheni akaniletea kipaza sauti. Nikaongea vizuri. Nikamshukuru Mungu, kocha, mashabiki, Baba na wateja wa Maili Moja. Kisha, kwa kuwa nilitaka kuonekana kapteni mwenye adabu, nikatazama kamera nikasema: "Na ninawatakia Waislamu wote Idd njema." Nyuma yangu wasichana walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanavua soksi kwa mikono yenye hina. Nilikuja kuiona picha hiyo baadaye, watu wanatumiana kwenye simu. Mimi natabasamu, na Zuhura ameinamisha kichwa.

Idd pili nilikwenda Chole peke yangu. Masika yalikuwa yameanza, pikipiki ikanimwaga matopeni mara moja, nikasema afadhali. Mama yako alikuwa barazani anachambua choroko. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu kwa sauti yake ile ile, akanipa maji ya kunawa. Ndani palikuwa na sinia moja, limefunikwa kawa. Akasema alijua mimi nitakuja.

Nikala, naye akanisimulia habari za jana yake, taratibu, bila hasira. Majirani waliitwa, wakala, chakula kingi kikabaki. Alasiri akavaa gauni lake jipya, akaenda kwenye kile kibanda cha kuonyeshea mpira karibu na mashine ya kusaga, akakaa kwenye benchi katikati ya vijana. Wakampisha mbele. Kisha akaniambia, na haya ndiyo maneno yenyewe: "Nilikuona. Nilikiona na kitambaa cha mwanangu. Na salamu zako za Idd zilinifikia."

Mwana, ningependa anitukane. Wazaramo mna matusi mazuri, ulinifundisha mengi. Alinisogezea kachumbari. Kinywa kile kile kilichojua kuongea na kamera kilishindwa kumwambia mwanamke mmoja, nyumbani kwake, kwamba nimemkosea. Nilisema pilau ni tamu. Akasema asante. Nikaondoka.

Ungedhani yameishia hapo. Siku chache baadaye mechi iliyoahirishwa kwa mvua ikapangiwa siku mpya, na siku yenyewe ni Ijumaa Kuu. Niliiona kwenye ubao nikapita. Ningesema kwa uso gani? Nikaamua moyoni kwamba nitacheza, iwe adhabu yangu, kisha nitawahi ibada ya jioni kama wahudumu wa hospitali wanavyowahi. Tukiwa mazoezini Zuhura akanyoosha mkono: "Kocha, Ijumaa hatuchezi. Kina Ndeshi wana ibada yao." Wakristo tuko wanne tu kwenye kikosi hiki. Wengine wote wakasema ndiyo, hatuchezi, tena kwa kelele. Hakuna aliyenitazama, hakuna aliyetaja Idd. Katibu akaanza mambo yake ya nesi na dereva, na binti wa Tabora, ambaye hata hakuwahi kukuona, akamuuliza nani atakufa. Jibu lako limebaki humu kambini, watu wanalitumia bila kujua lilianzia wapi. Mechi ikasogezwa. Mimi nilijifunika uso kwa glovu, nikasingizia jasho.

Ibada ya Ijumaa Kuu nilikaa kanisani kama mtu aliyekalia kiti cha mwingine. Mchungaji alihubiri, sikumsikia. Niliwaza kitu kimoja tu, kwamba sikukuu yangu nimelindiwa na watu ambao yao niliwavua mwilini, wakiwa wameshaivaa.

Jumatatu ya Pasaka nikarudi Chole, kitambaa nimekikunja mfukoni. Safari hii sikungoja maji ya kunawa. Nilipiga magoti barazani nikamwambia yote: redio, swali la kocha, neno langu moja, nywele nilizosuka. Nikamwambia sikupotoshwa na kalenda, nilijua. Nikaweka kitambaa mapajani mwake nikasema hiki ni cha Mwana, mimi kimenishinda.

Alikigeuza geuza. Pembeni kilikuwa kimefumuka pale nilipoangukia siku ya penalti. Akaingia ndani, nikasikia kabati linafunguliwa, nikajua amekwenda kukihifadhi, na moyo wangu ukapata ahueni, kumbe ahueni ya kipumbavu. Akatoka na sindano na uzi. Akakaa, akakishona pale pale pole pole, akakata uzi kwa meno. Akanivuta mkono akanivalisha mwenyewe, akakaza mpaka nikasikia maumivu kidogo. Akasema: "Mpira cheza. Ila Idd ni yangu."

Alikuwa ananiambia mimi, Mwana. Mimi Mlutheri.

Kwa hiyo nakuaga na habari hizo. Katibu nimeshamwambia: mwakani siku ya Idd na jirani yake ziachwe wazi, mwezi uchague wenyewe, na akiona haiwezekani atafute kipa mwingine. Amenuna. Sikuombi unisamehe, maana wewe ungenisamehe haraka huku unanicheka, na mimi bado sijamaliza kuona aibu. Nadhani inanifaa. Picha yako sasa naitazama, ila kwa jicho moja.

Mungu akulaze pema, kapteni. Idd ijayo nitafika Chole kabla ya mchele kuoshwa, nisugue masinia mwenyewe. Na usiku wa mwezi, redio ikitangaza tu, kabla ya vigelegele, atakayempigia mama yako simu ni mimi.

Kipa wako,
Ndeshi, yule Mangi