Nyasi za Nyuma ya Nyumba

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Masieda tuko salama. Babu yako kikohozi kimemwachia, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeuliza kwa nini mbolea ya maji naipima mara mbili kabla ya kuichanganya. Nilipokuwa msichana, ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja nasi. Mama alikinga mkojo wao kwa chungu, akauchanganya na maji mengi, akamwagilia maboga. Siku moja alinituma mimi. Mto ulikuwa mbali, nikaona uvivu, nikamwagilia mkojo mtupu. Uliobaki nikaumwaga nyuma ya nyumba ili chungu kirudi kitupu. Siku ya tatu maboga yakaungua. Nikamwambia mama ni jua.

Mvua zilipokuja, nyasi za pale nyuma zikaota nzito, za kijani kuliko kote. Mama alizitazama, kisha akanitazama. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alinipa kamba na kuniambia, "Kamfunge ng'ombe pale kwako."

Nimezeeka, Neema, na bado natamani kuisikia sauti ile.

Bibi yako