Sajenti Hana Mwenyewe

Kiwangwa,
Jumapili, baada ya adhuhuri.

Kaka yangu Shuaibu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Pangani ukiwa na afya njema, na kwamba kifua hakikusumbui tena. Shemeji na watoto wasalimie mmoja mmoja. Sisi huku tu wazima. Mama ametolewa bandeji ya jicho na anaona vizuri; jambo la kwanza aliloliona ni kwamba mimi nimekonda. Bado yuko Bagamoyo kwa mama mdogo Hajra, mpaka daktari atakapomruhusu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikikupigia simu unasema mtandao mbaya, hunisikii, wakati mimi nakusikia vizuri sana. Barua haikatiki.

Utakumbuka siku niliyoondoka kwenda kumuuguza Mama. Ilikuwa wiki ileile kijiji kilipotangaza sheria ya mbwa, baada ya yule mtoto wa kitongoji cha pili kung'atwa. Kila mbwa afungwe kuanzia alfajiri mpaka magharibi, achanjwe, na aandikwe ofisini kwa jina la mwenyewe. Asiyeandikwa akamatwe, akae siku nne kwenye banda nyuma ya ofisi, na asipotokea wa kumchukua, auawe. Nilikuja mpaka kwako hapa kijijini nikakukabidhi Sajenti na kamba yake, nikakuomba umpeleke siku ya kuandikisha. Wajua tangu mume wangu afariki niko kule shambani na mbwa huyo tu. Ukaniambia niende kwa amani, hilo nikuachie wewe. Siku tisa nililala sakafuni kando ya kitanda cha Mama, wala sikuwaza habari za mbwa hata mara moja, maana nilikuwa nimemwacha kwa kaka yangu.

Yaliyotokea ofisini nimesimuliwa na Bwanausi, bwana mifugo. Anasema siku ile ilikuwa kichekesho. Kila aliyeulizwa mbwa ni wa nani alijibu ni wa shamba. Majaliwa, wa shamba. Bi Mosi, wa shamba. Nani kati yetu sisi waswalihina atakiri mbele za watu kwamba ana mbwa? Tunawalisha, wanatufukuzia nguruwe kwenye mananasi, lakini ni wa shamba. Bwanausi akawaambia shamba halina kidole cha kutia kwenye wino. Mwishowe wakaandikisha, wakiona haya, na mmoja wao akamwandikisha mbwa wake kwa jina la babu yake aliyekwisha kufariki. Hata huyo marehemu alimfaa mbwa kuliko wewe.

Zamu yako ilipofika, kwenye benchi walikuwa wamekaa wazee wa kamati ya msikiti, wamekuja kwa mambo ya kiwanja. Ndio hao waliokuwa wakitafuta imamu, na jina lako lilikuwa likitajwa. Bwanausi anasema uliwaona, ukaiachia kamba, ukasogea mbele kama mtu aliyekuja kuulizia bomba la maji. Sajenti akakufuata, akakaa miguuni pako. Ukaulizwa. Ukasema humjui, amekufuata tu njiani. Ukapewa kitabu utie sahihi kwamba mbwa huyu hana mwenyewe, ukatia. Nimeiona sahihi yako, kaka. Umeiandika kwa utulivu kabisa.

Usinieleze habari za najisi. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, tulifundishwa pamoja. Hakuna aliyekutaka umpakate. Uliombwa jina tu. Na kama umesahau, lile sikio la Sajenti lilichanwa na nguruwe aliyekuwa anakuja kwenye goti lako, mwaka juzi, ulipokuja kuchukua mananasi ya maulidi. Nimeumia sana. Angenifanyia jirani, ningemtukana nikapoa. Wewe sijui hata nikutukane vipi.

Nilirudi asubuhi ya siku ya nne tangu Sajenti afungiwe, na bado alikuwa hai. Bwanausi akanipeleka bandani. Akasema kumtoa ni rahisi, niandike tu kwamba ni wangu. Ila kwa kuwa kitabuni kuna sahihi yako inayosema hana mwenyewe, ingebidi niandike pia kwamba ulisema uongo, na mtendaji angeyasoma kwenye mkutano wa kijiji. Nikamwomba karatasi ile ichanwe kimyakimya. Akasema kurasa zina namba.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nikawaza jina la baba yetu likisomwa mbele ya kijiji kizima, kwamba mwanawe anayetaka kuswalisha watu ametia sahihi uongo. Sajenti alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, mkia unapiga ubao, analia vile anavyolia nikitoka safari. Bwanausi akaniangalia, akaniambia, dada, huyu anakujua. Nikamjibu kwamba mbwa wa watu humzoea yeyote anayemtupia makombo. Nikamrudishia kalamu, nikaondoka. Alilia mpaka nilipoipita mashine ya kusaga. Walimpiga risasi baada ya alasiri. Nilisikia mlio mmoja nikiwa namenya mihogo, nikaendelea kumenya.

Kwa hiyo tumemkana wote wawili, na dhambi yangu naijua, sikutwishi. Lakini wewe ulimkana mbwa uliyekuwa unamwonea haya. Mimi nilimkana niliyempenda, ili wewe usiaibike, na siku ya pili yake ukapanda gari kwenda Pangani bila hata kunigongea mlango. Hilo ndilo linalonikaa kooni. Nguruwe wamekwisha kula mistari minane ya mananasi, lakini hayo ni mananasi, yatapandwa mengine.

Jana wazee wa kamati walikuja kwangu. Wamekuchagua. Walisema kijiji kimepata mtu safi, na wakaniagiza nikuandikie kukupa hongera na kukuomba urudi kabla ya Ijumaa ijayo, maana watu watajaa. Basi hongera, kaka. Mimi Ijumaa hiyo nitaswali nyumbani, na ukirudi usinipitie mpaka nikuite mwenyewe.

Nisalimie wote wanaoniulizia huko, na Mungu akurudishe salama. Akitokea mtu akakuuliza barua hii imetoka kwa nani, naomba safari hii utaje jina.

Ni mimi dada yako,
Mwanvita