Tarehe Niliyoichagua Mimi

Jumapili, 2 Novemba
Timu yetu ya chuo imeshinda tena, mara ya saba. Bahati tu! Mrushaji wetu anakimbia hovyo, hatazami mbele. Timu hii haifiki fainali ya kanda — nilisema Julai, nasema leo. Ndiyo maana binti yangu Corrine alipotafuta tarehe ya harusi nilimwambia achukue siku ileile ya fainali, Jumamosi tarehe 6 Desemba, saa kumi jioni. Hapa Alabama hakuna mwenye akili anayeoa Jumamosi ya msimu wa futiboli ya Kimarekani. Wageni hawaji. Lakini fainali si yetu, siku hiyo hatuchezi. Miaka kumi na tisa hatujaigusa.

Mpira wa kikapu nao umeanza. Wachezaji wazima, miguu mizima, wanapumzishwa eti goti, wiki ya pili tu ya ligi. Na wote wanarusha kutoka mbali. Hakuna anayejua kazi ya chini ya kikapu tena.

Jumapili, 9 Novemba
Tumeshinda. Tobin, mchumba wa Corrine, alikuja kula baada ya ibada. Yeye ni msaidizi wa kiongozi wa bendi ya chuo, na bosi wake amelazwa tangu Oktoba, kwa hiyo bendi nzima iko mikononi mwake. Akauliza kwa upole: "Mzee Vernon, tukifika fainali je? Bendi lazima iende Atlanta kupiga kwenye fainali. Na mimi lazima niwe nayo."

Nikamwambia ale kuku wake. Hatufiki.

Mke wangu Nadine alinitazama mpaka nikaomba chumvi. Sikuihitaji.

Jumapili, 16 Novemba
Tumeshinda. Sina la kuandika.

Jumatatu, 24 Novemba
Waliokuwa juu yetu kwenye msimamo wamefungwa na timu ya mkiani. Ya mkiani! Sasa hesabu ni nyepesi: tukiwafunga majirani zetu Jumamosi hii, tunakwenda fainali.

Nadine amepiga simu kanisani na ukumbini kutafuta tarehe nyingine. Kumejaa hadi Machi. Mama yake ana miaka tisini na miwili, na daktari hataki hata kuzungumzia Machi. Corrine ameapa haolewi bila bibi yake kuwepo.

Kwa kinyozi wameniuliza timu ya kikapu ya chuo itafika wapi mwaka huu. Nimewajibu bila kusita. Nusu fainali. Kujiamini bado ninako, jamani.

Jioni Corrine alikuja jikoni. Hakulia. Afadhali angelia.

"Baba, si ulisema unaujua mpira?"

"Naujua."

"Basi Jumamosi tunafungwa?"

"Naomba iwe hivyo," nikasema. Miaka arobaini navaa kofia ya chuo hiki, sijawahi kutamka neno kama hilo. Nimeona aibu.

Jumamosi, 29 Novemba
Naandika mbele ya televisheni, sahani ya mabaki ya bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani magotini. Sekunde nne zimebaki. Tuko nyuma pointi mbili. Mpira uko chini, mpigaji wetu yuko tayari, mbali kidogo — ukipita kati ya milingoti ni pointi tatu, tumeshinda. Majirani wameomba mapumziko ili miguu yake ipoe. Ujanja wa zamani.

Maoni yangu: anakosa. Leo ameshakosa mara mbili. Wiki nzima nimemwombea akose, Mungu anisamehe.

Wamemwonyesha Tobin na bendi yake uwanjani. Ameshusha mikono, uso umempauka. Nadine amejifungia jikoni. Bibi yake Corrine yuko kwenye kiti chake, macho hayabanduki kwenye televisheni, na jezi ya chuo juu ya gauni la kulalia. Corrine amepiga magoti karibu na kioo cha televisheni, viganja vimeshikana. Nilidhani anaomba nilichoomba mimi. Nikainama nisikie.

"Ingia," ananong'ona. "Ingia, ingia, ingia."

"Corrine, mwanangu, unajua unaomba nini? Ukiingia, siku ya harusi Tobin yuko Atlanta."

"Nyamaza, Baba. Anapiga."