Mgeni Mwenye Mikono ya Mama

Kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi tunapumua. Mguu wangu umepona, ushonaji unaendelea, na fundi bomba bado anasema atakuja kesho.

Filamu ya kitabu chako imefika kwenye sinema ya huku. Nilifunga cherehani mapema, nikamvalisha mama gauni la buluu, tukakaa viti vya mbele. Alikuwa ameshawaambia majirani, kwa vidole vyake, kwamba yule mgeni wa sayari nyingine katika kitabu chako ni yeye. Nani angembishia? Tangu apasuliwe koo tukiwa wadogo hana sauti, na mgeni wako hana mdomo. Nilipomsomea pale mgeni anapomkuta mtoto mwenye njaa, naye mgeni anagonga kifua mara mbili na kufungua kiganja, yaani njoo ule, mama alicheka hadi akashika mbavu. Ishara hiyo, aliyotuitia mezani, ndiyo iliyotulea.

Kwenye filamu mgeni amepewa mdomo, meno na mate yanayochuruzika. Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Ulishatuambia kwenye simu kwamba mwongozaji amekupora hadithi, kwamba watu wa sinema hawataki kiumbe wa mbali asiyetisha, na kwamba ulipigana naye ukashindwa. Tulikuonea huruma. Mama alikuombea.

Kisha lile dude likagonga kifua mara mbili, likafungua kiganja. Mtoto akasogea. Likamla.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako mwenyeji hakupona. Ukumbi mzima ulipiga kelele za raha. Mama aliinyooshea skrini kidole, akajigusa kifua, akanitazama akingoja jibu. Nilijifanya natafuta leso.

Mlangoni alisimama mwigizaji aliyevaa ile ngozi ya mpira, akisalimia watazamaji. Nilimwambia kwa hasira kwamba mimi ni mdogo wa mwandishi, na kwamba mikono ile wameiiba kwa mama yetu. Kijana wa watu alishangaa, akajibu kwa adabu: "Dada, kaka yako ndiye aliyenifundisha. Alinipa video ya mama akiwa jikoni. Hata wazo la kumla mtoto ni lake. Alisema watu wataogopa zaidi wakiona upendo kwanza."

Video ile ulisema ni ya kuwaonyesha wajukuu. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka, na mimi mshonaji sikukiona. Umetusaliti, na ukatuacha tukuombee. Nawe unajua kwamba mama alipoteza sauti tu. Masikio yake ni mazima, na alikuwa amenishika mkono.

Tangu siku hiyo haniiti mezani. Anapakua, anaketi, anaikalia mikono yake. Nikimuuliza kitu, anatikisa kichwa tu.

Wasalimie wifi na watoto. Majirani wanakusalimu. Salamu za mama ningekuletea, lakini hajatoa.

Mdogo wako,
Kijiti